Je, Wajua? Wageni Wanaoshika Jembe

Desturi ya msafiri kufanya kazi shambani kwa mwenyeji wake ili apate chakula na malazi, ambayo leo imeenea duniani, ilianza mwaka 1971 kwa wikendi moja nchini Uingereza, pale Sue Coppard, katibu muhtasi wa London, alipokwenda na wenzake wachache kwenye shamba la kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia mbolea wala dawa za viwandani.

Katika nyanda za juu za Kikuyu nchini Kenya, juu ya mji wa Mai Mahiu, moyo wa kujitolea ulikuwa umetangulia: mwaka 1922 afisa wa misitu Richard St. Barbe Baker na Chifu Josiah Njonjo walianzisha Watu wa Miti, kundi la vijana walioapa kupanda miti kumi kila mwaka.

Udongo wa Mai Mahiu, uliotokana na majivu ya volkano, ni mwepesi mno, na maji yanayoporomoka kutoka ukingo wa Bonde la Ufa huukata kwa kasi na kuacha makorongo. Ndiyo maana kazi inayomfaa sana mgeni huko ni fanya juu: mtaro huchimbwa kukingama mteremko, udongo ukatupwa upande wa juu uwe tuta, kisha nyasi za nepia zikapandwa ili mizizi ilishike. Mvua ikinyesha, maji hutuama mtaroni na kuzama taratibu.

Kwa mgeni kutoka ng'ambo, kazi hiyo huhitaji kibali cha uhamiaji, hata kama haina mshahara.