Bingwa wa Ramani Aliyezihesabu Nyayo za Watafuta Riziki

Wahenga walinena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii ni ya mabaharia, lakini mtaalamu mmoja wa jiografia huko London alifikia jambo lililo karibu nayo kwa njia ya hesabu.

Jina lake ni Ernst Georg Ravenstein. Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1834, akahamia Uingereza mwaka 1852, na kwa miaka mingi alichora ramani katika Wizara ya Vita. Sisi watu wa pwani yatupasa tumjue. Alichora ramani kubwa ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 1898 akatoa kwa Kiingereza habari za safari ya kwanza ya Vasco da Gama, yule aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na hapo Malindi akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi.

Lakini kazi iliyompa jina ni nyingine. Bingwa wa takwimu, William Farr, alikuwa amesema kwamba watu huhama pasi na kanuni. Ravenstein hakuridhika. Akazitwaa sensa za 1871 na 1881, akalinganisha alipozaliwa mtu na alipohesabiwa, na mwaka 1885 akatangaza kanuni zake.

Alisema wengi hawaendi mbali, na waendao mbali hukimbilia miji mikubwa ya biashara na viwanda. Wa karibu akiingia mjini, pengo lake shambani huzibwa na wa mbali zaidi. Kila mkondo wa waendao una mkondo wa warudio. Nao wanawake, kinyume cha dhana ya wengi, waliwapita wanaume kwa kuhama, ila safari zao zilikuwa fupi. Mwaka 1889 akaongeza kuwa sheria mbaya na kodi nzito huhamisha watu, lakini hakuna kinachowasukuma kama hamu ya kuinua maisha.

Kanuni hizi zina mipaka. Binti zetu waendao Saudia kutumika majumbani hawakushika safari fupi. Lakini kiini chake kingali hai. Mwaka 2019 wakazi wa Mombasa waliandamana makontena yalipoamriwa kupakiwa kwenye reli mpya kwenda bara. Walijua kwamba shehena ikihama, kazi huhama nayo, na kijana huifuata kazi.

Basi ndugu msomaji, mwanao akifunga mzigo, usimwite kiguu na njia. Uliza kwanza: kazi imehamia wapi, na ni nani aliyeihamisha?