Fidia ya Ajali ya Gari: Haki ya Mwanachama na Wajibu wa Chama

Msimu wa ununuzi wa mazao unapoanza, malori husomba pamba, tumbaku, kahawa na korosho kutoka maghala ya vyama vya msingi usiku na mchana, na ajali nazo huongezeka. Habari ikifika kwamba mwanachama fulani amegongwa, wenzake humchangia fedha za matibabu bila kusita. Huo ndio ushirika. Lakini suala la fidia huachwa lisubiri mpaka majeruhi atoke hospitali, na anapotoka hukuta gari limekwisha tengenezwa, mashahidi wametawanyika, na stakabadhi za dawa zimepotea. Haki nyingi za namna hii hupotea kabla hazijafika mahakamani. Hupotea katika wiki za kwanza, kwa kukosa hati au kwa kutia saini haraka.

Msingi wa haki yenyewe ni rahisi kueleweka. Dereva anayemwumiza mtu kwa uzembe anawajibika kumlipa, na ikiwa alikuwa katika kazi ya tajiri wake, tajiri naye anawajibika. Ili malipo hayo yasitegemee hali ya mfuko wa mwenye gari, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169 ya Sheria za Tanzania, inakataza gari kutumika barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Mwenye gari na kampuni ya bima ndio wanaofunga mkataba. Aliyegongwa ndiye mtu wa tatu, na bima hiyo imewekwa kwa ajili yake.

Wanachama wengi hudhani kwamba dereva akishatozwa faini mahakamani jambo limekwisha. Sivyo. Kesi inayofunguliwa na polisi ni ya jinai, na faini yake huingia Serikalini; majeruhi hapati hata senti moja. Fidia hudaiwa kwa njia nyingine, yaani kwa kuiandikia kampuni ya bima au kwa kufungua shauri la madai. Hata hivyo, nakala ya hukumu iliyomtia dereva hatiani ni ushahidi wenye uzito katika madai hayo, na inafaa kuombwa mapema.

Hati za kukusanya ni hizi. Kwanza, mara ajali inapotokea, ziandikwe namba za gari, jina la dereva, jina la kampuni ya bima na namba ya bima, pamoja na majina ya mashahidi wawili au watatu na mahali wanapoishi. Pili, ajali iripotiwe polisi, na majeruhi apatiwe fomu ya PF 3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Tatu, polisi waombwe taarifa ya ajali (PF 90), taarifa ya ukaguzi wa gari (PF 93) na mchoro wa mahali pa ajali. Nne, kila stakabadhi ya dawa, nauli na kitanda itunzwe. Tano, matibabu yakimalizika, ipatikane taarifa ya daktari inayoonyesha ulemavu uliobaki.

Stakabadhi zinasisitizwa kwa sababu mahakama hugawa fidia katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni hasara halisi, kama gharama za matibabu na mapato yaliyopotea. Hili lazima litajwe kwa shilingi na lithibitishwe kikamilifu. Fungu la pili ni fidia ya jumla, kwa ajili ya maumivu, ulemavu na kupungukiwa na nguvu za kazi; hili hukadiriwa na hakimu au jaji mwenyewe. Mkulima hana hati ya mshahara, lakini anazo stakabadhi za mauzo ya mazao yake katika chama. Daftari la chama la misimu mitatu iliyopita linaweza kuonyesha wazi alichokuwa akivuna kabla ya mguu wake kuvunjika.

Hatari kubwa kuliko zote ni kutia saini mapema. Tuchukue mfano wa mwanachama aliyevunjika mguu, akafuatwa wodini na wakala mwenye shilingi laki nane na karatasi ya kuandikiwa. Watoto hawana ada, na fedha ziko mezani, anatia saini. Miezi minne baadaye daktari anaona kwamba mfupa haukuunga vema na upasuaji unahitajika tena. Karatasi ile ilisema amelipwa madai yake yote na hatadai tena. Kwa hiyo asitie saini hati ya namna hiyo kabla daktari hajaeleza hali yake ya mwisho, wala kabla hajasomewa maneno yote na mtu anayemwamini. Akilipiwa gharama za hospitali kwa wakati huo, hati iseme wazi kwamba ni malipo ya sehemu tu.

Lipo pia jambo linalowahusu viongozi moja kwa moja, nalo ni desturi ya kuwapandisha wanachama juu ya shehena. Sheria hailazimishi bima ya mtu wa tatu iwahusu watu waliomo ndani ya gari, isipokuwa gari linalochukua abiria kwa malipo, au watu waliopandishwa kwa sababu ya mkataba wa kazi. Mwanachama aliyepewa lifti juu ya marobota anaweza kuumia akakuta bima haimhusu, na mwenye lori hana kitu. Kabla ya kukodi gari, kamati itake kuiona hati ya bima, na ikataze abiria juu ya mzigo.

Karani, mlinzi au dereva wa chama akiumia akiwa kazini, ana haki nyingine chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Chama, kikiwa ndicho mwajiri, hakina budi kuutaarifu Mfuko bila kuchelewa.

Mwisho ni muda. Kwa Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971, madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, na mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi muda huo. Kampuni ikikataa au ikitoa kiasi kisichoridhisha, malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, au shauri likafunguliwa mahakamani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila chama kinashauriwa kiwe na jalada la ajali, na katibu akabidhiwe kazi ya kuhifadhi nakala za hati za mwanachama aliyeumia tangu siku ya kwanza. Mchango wa wenzake utamtibu mwezi mmoja. Hati zilizotunzwa ndizo zitakazomsaidia kuilisha nyumba yake miaka mingi ijayo.