Gitaa la baba mdogo liliponea chupuchupu

MSUMENO wa umeme ulikuwa tayari mezani. Penseli ilishachora mstatili kwenye tumbo la gitaa, na aliyekubali likatwe ni mimi mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Kilichoniokoa ni umeme kukatika. Ndiyo, msomaji wangu, wewe lalamika tu, mimi siku hiyo nilishukuru.

Gitaa lenyewe ni Gibson ES-125. Baba mdogo alikuwa baharia, na alilinunua kwenye duka la rehani kule New York enzi za ujana wake. Kama hujawahi kuyaona magitaa ya namna hii, ni yale makubwa yaliyo matupu ndani, tumbo limebinuka kama la fidla, na badala ya tundu moja la duara yana matundu mawili yenye umbo la herufi f. Wapiga jazi wanayapenda kufa. Ukimulika tochi ndani ya tundu utaona namba iliyogongwa kwenye mbao. Ya kwetu imeanza na W. Gibson walitumia herufi kuonyesha mwaka, wakianza na Z mwaka 1952 na kurudi nyuma hadi Q mwaka 1961, kwa hiyo W ni 1955. Gitaa limenizidi umri mimi na mama yangu.

Ugonjwa wake ulikuwa mvumo. Ukilichomeka kwenye amplifaya linanguruma kama jokofu bovu. Ukigusa kitufe cha sauti, linakwaruza. Ukitingisha waya, kimya.

Fundi mmoja wa mtaani akaniambia kwa kujiamini kabisa: "Tatizo ni pikapu, imezeeka. Tuweke hambaka." Pikapu hapa siyo ile gari ya kubebea nyanya. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, inayonasa mtikisiko wa nyuzi na kuugeuza kuwa umeme. Ya gitaa hili inaitwa P-90 na ina koili moja. Koili moja hunasa pia mvumo wa umeme wa nyumbani. Hambaka ina koili mbili zilizopangwa kinyume, mvumo wa moja unafuta wa mwenzake. Aliyeibuni pale Gibson ni Seth Lover, na ajabu ni kwamba ilikuwa mwaka ule ule wa 1955. Fundi hakusema uongo, hambaka kweli inatuliza mvumo. Ila umbo lake halilingani na la P-90, ndiyo maana msumeno ukaletwa.

Basi umeme ukakatika, fundi akaenda zake, nikabaki na baba mdogo na mshumaa.

"Shikamoo baba mdogo. Tulikuwa tunalitengeneza."

"Marahaba." Akapitisha kidole juu ya ile penseli. "Umelipima kwanza?"

Sikuwa nimepima kitu.

KUMBE PIKAPU NI NZIMA

Kesho yake niliazima multimita. Nikachomeka waya kwenye gitaa, nikafungua sauti yote, nikapima kwenye ncha ya pili: kiloohm 7.8. P-90 nzima huwa kati ya 7 na 9 hivi, kwa hiyo bibi kizee wetu alikuwa na afya kunishinda. Halafu nikapima kati ya kile chuma cha mkiani kinachoshika nyuzi na ganda la plagi. Hapo multimita inatakiwa isome karibu na sifuri. Yangu haikusoma kitu! Waya wa athi ulikuwa umekatika ndani. Nyuzi zenyewe zilikuwa zinaning'inia hewani, haziendi popote kiumeme, hivyo ukizishika mvumo haupungui. Ongeza voliumu iliyochakaa na tundu la waya lililolegea, ugonjwa wote huo hapo. Na mimi nilitaka kumkata mgonjwa tumbo!

Vifaa si vingi: voliumu mbili za kiloohm 500, moja ya sauti na moja ya toni, kapasita ya mikrofaradi 0.022, tundu jipya la waya, na chuma cha kulehemu chenye nguvu. Cha wati 25 kitakutesa, kwa sababu waya wa zamani wa Gibson umevikwa wavu wa chuma unaolehemiwa mgongoni mwa voliumu, na chuma dhaifu kitaunguza kila kitu kabla risasi haijayeyuka. Fungua madirisha, na nawa mikono kabla ya kushika chapati.

Kasheshe ni kwamba gitaa hili halina mlango nyuma. Kila kitu kinaingia na kutoka kwenye tundu la f. Piga picha kwa simu kwanza. Kisha chukua boksi gumu, toboa matundu yenye nafasi sawasawa na ya gitaa, funga voliumu hapo na ulehemu kila kitu nje, mezani. Kuviingiza nilitumia mpira wa petroli wa pikipiki: unaupitisha kwenye tundu la voliumu hadi utokee kwenye f, unaubana kwenye shina la voliumu, halafu unavuta taratibu mpaka shina lichungulie nje. Tundu la waya nililivuta kwa uzi. Saa mbili nzima, jasho linanitoka, mke wangu ananiuliza kama navua samaki.

Kosa moja nilifanya. Daraja la gitaa hili halijagundishwa, linakaa kwa mkandamizo wa nyuzi tu. Nililegeza nyuzi zote kwa pamoja, likadondoka, na baadaye nikahangaika jioni nzima kulirudisha mahali ambapo gitaa linaimba sawasawa. Weka alama kwa tepu laini kabla, usiwe kama mimi.

Je, mvumo umekwisha? Haujaisha kabisa, koili moja ni koili moja. Ukikaa chini ya taa ya tyubu bado unausikia kwa mbali. Lakini ukishika nyuzi unatulia, mikwaruzo hakuna, na ile sauti nene, ya mviringo, imerudi. Penseli ilifutika kwa kitambaa chenye maji kidogo.

Jumapili nilimpelekea baba mdogo. Vidole vyake vimekakamaa siku hizi, akapiga polepole, akasimama, akarudia. Halafu akauliza:

"Vile vya zamani umevitupa?"

Nikampa bahasha yenye voliumu mbili, kapasita na lile tundu bovu. Akavihesabu kimoja kimoja, akaitia bahasha ndani ya sanduku la gitaa, akafunga.