Saa ya Uani na Adui Zake

Katika nyumba za askari na polisi, saa iliyotundikwa uani au bustanini si pambo. Ndiyo inayomwambia mama kwamba mtoto amechelewa shule, ndiyo inayomwonyesha mgonjwa wakati wa kumeza dawa, na ndiyo inayomfikisha baba lindoni kabla mwenziwe hajaanza kunung'unika. Saa iliyosimama kabisa haina hatari kubwa, kwa maana kila aitazamaye hugundua upesi. Ya kuogopwa ni ile iliyochelewa robo saa huku mshale wake ukiendelea kutembea kwa madaha.

Saa nyingi za namna hii huendeshwa na betri moja ndogo ya volti 1.5, au jiwe, kama wengi walivyozoea kuliita. Ndani yake mna kipande kidogo cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa kila sekunde, na mitetemo hiyo ndiyo inayohesabiwa hata mshale ukasogea. Kwatzi ni mwaminifu sana. Hata ikipata joto la digrii 45, huchelewa kwa sekunde moja hivi tu kwa siku. Basi saa inayopoteza dakika nzima isilaumiwe kwatzi yake. Itazamwe betri, vumbi na maji.

Dalili ya betri iliyochoka hujulikana kwa macho. Mshale wa sekunde hushuka vizuri, lakini unapopanda hukwama karibu na tarakimu 9, ukirukaruka pale pale bila kuendelea, kwa sababu hapo ndipo uzito wake unapokuwa mkubwa kuliko nguvu iliyobaki. Mwenye nyumba akiona hivyo asiitikise saa wala kuipiga kofi. Abadili betri siku ile ile.

Hapa yafaa kutaja desturi moja iliyoenea mno, nayo ni ya kuanika mawe juani ili yapate nguvu tena. Ni kweli kwamba joto huyaamsha kwa muda mfupi, na redio huweza kusikika hadi mwisho wa taarifa ya habari. Lakini joto hilo hilo huharakisha kuvuja. Wengine huyachukua mawe yaliyoshindwa na redio wakayatia katika saa, kwa kuwa saa hula umeme kidogo sana. Hufanya kazi, naam, hata kwa miezi. Kisha siku moja jiwe hupasuka kimya kimya, maji yake yakala spiringi, na saa nzima ikatupwa kwa ajili ya kuokoa bei ya betri moja. Huo si ubanaji wa matumizi.

Kama betri imekwisha kuvuja, isishikwe kwa vidole vitupu, na watoto wakae mbali, maana uchafu ule huunguza ngozi na macho. Itolewe kwa kitambaa. Betri ya kawaida ya zinki huacha uchafu wenye asidi, nao hufutwa kwa magadi kidogo yaliyoloweshwa. Ile ya alkalini huacha unga mweupe, nao hufutwa kwa tone la limau au siki. Baada ya hapo sehemu ile ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ikaushwe kabisa, na spiringi isuguliwe kwa msasa laini mpaka chuma king'ae.

Mahali pa kuitundika panahitaji fikira kuliko watu wanavyodhani. Arua na Koboko ziko digrii tatu hivi kaskazini ya ikweta. Kwa sababu hiyo, tangu Oktoba hadi katikati ya Machi, yaani pamoja na miezi yote ya kiangazi, jua hupita upande wa kusini, na ukuta unaotazama kaskazini hauguswi nalo. Huo ndio ukuta wa saa, chini ya upenu. Ukuta wa magharibi ndio mbaya kuliko yote, kwani hupokea jua la alasiri.

Mvua nayo ina njia zake. Mfuniko wa nyuma uzungushiwe ukanda mwembamba uliokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli, lakini tundu dogo liachwe upande wa chini ili jasho la ndani lipate kutoka. Tundu hilo lizibwe kwa kipande cha chandarua kuukuu, la sivyo nyigu watajenga humo kwa matope, na sisimizi watahamia pamoja na mayai yao.

Betri ibadilishwe mara moja kwa mwaka, hata kama bado ina uhai. Familia ya askari haina haja ya kutafuta siku ya kukumbuka: Tarehe Sita, yaani 6 Februari, sikukuu ya jeshi, huangukia wakati wa kiangazi. Hewa ni kavu, na saa ikifunguliwa siku hiyo haifungiwi unyevu ndani. Mwaka uandikwe kwa kalamu juu ya betri mpya.

Limebaki suala la kuisahihisha. Wazee wanaotazama kivuli hulalamika kwamba saa za serikali zinawahi, na kwa jua lao wana haki: huku West Nile jua hufika utosini karibu saa saba, si saa sita, kwa kuwa majira ya Uganda yamewekwa kwa kipimo kilicho mbali mashariki. Tatizo kubwa zaidi liko mpakani. Kongo ya upande wa pili wa Vurra iko nyuma ya Uganda kwa saa moja, na Sudani Kusini nayo ilirudisha saa zake nyuma kiasi hicho hicho tarehe 1 Februari 2021. Simu iliyoko Oraba au Vurra ikinasa mtandao wa ng'ambo, huweza kubadili saa yake yenyewe bila kumwuliza mwenyewe. Askari akiirekebisha saa ya uani kwa simu hiyo, zamu nzima itachelewa kwa saa moja. Kwa hiyo atazame kwanza jina la mtandao juu ya kioo cha simu. Likiwa la nchi nyingine, angoje taarifa ya habari ya redio ya Uganda, ndipo asogeze mshale.