Kweli au Si Kweli: Kuilinda Bahari kwa Setilaiti

Setilaiti inaiona bahari yote, saa zote. Si kweli, na imani hii ndiyo inayowapotosha zaidi vijana wanaoitamani kazi ya ujasusi wa kijeshi baharini. Sentinel-1A, setilaiti ya rada ya Ulaya iliyorushwa mwaka 2014, hurudia njia ileile kila baada ya siku 12. Zile za kupiga picha za kawaida huzuiwa na mawingu. Mchambuzi hupata vipande tu, na kazi yake ni kuviunganisha.

Meli ikizima AIS imepotea. Si kweli. AIS ni kifaa cha redio kinachotangaza jina, namba, mahali na mwendo wa meli. Nahodha anaweza kukizima, lakini chuma hurudisha mawimbi ya rada hata usiku wa mawingu. Mchambuzi hulinganisha nukta za rada na matangazo ya AIS, kisha huanza na nukta isiyo na jina. Asikimbilie kuihukumu: meli za kivita hunyamaza kihalali, na boti nyingi ndogo hazilazimiki kubeba kifaa hicho.

Basi inayojitangaza tuiamini? Hapana! Mwaka 2018 STS-50, meli ya uvuvi haramu iliyokwisha kubadili majina na bendera mara kadhaa, ilizuiliwa Maputo, ikatoroka mwezi Machi. Ukiutafuta utambulisho wake kwenye AIS, ulionekana sehemu nyingi za dunia kwa wakati mmoja. Katika hali kama hiyo mchambuzi hurudi kwenye mambo yasiyodanganya: meli ilionekana wapi mara ya mwisho kwa macho ya watu, na kwa kasi yake ingeweza kufika wapi hadi leo? Ocean Warrior, meli ya shirika la Sea Shepherd iliyokuwa na maofisa wa Tanzania ndani yake, iliifukuza katika Bahari ya Hindi. Aprili, wanamaji wa Indonesia wakaikamata. Kila nikiwaza kisa hiki nawaheshimu zaidi watu wa kazi hii.

Ni kazi ya mataifa makubwa tu. Si kweli. Antananarivo kuna kituo cha kanda cha kukusanya taarifa za baharini, Shelisheli kuna cha kuratibu operesheni, na Mombasa kuna cha uokoaji ambacho pia hupokea taarifa za uharamia.

Mchambuzi mzuri ni lazima awe mwandishi mzuri. Kweli tupu, ingawa matangazo ya ajira hayalisemi. Ripoti yake hutenganisha alichokiona na anachokikisia, kwa sababu kamanda anayeisoma huenda ana boti moja ya doria na mafuta ya safari moja, na nukta yenyewe iko maili 150 kutoka pwani.