Akili Iwe Pale Mikono Ilipo

Mtu akipata nafuu kutoka ugonjwa wa huzuni kubwa, jamaa husema, "Sasa amepona." Lakini sisi tunaotembelea wagonjwa nyumbani tunajua kazi bado iko. Mama mmoja alituambia hivi: "Dawa nameza, usingizi napata. Lakini nikianza kuosha vyombo, mawazo yanaingia. Sufuria moja inanichukua nusu saa."

Mawazo hayo huzunguka kama ng'ombe aliyefungwa kigingini. Yanaanza na deni la duka, yanafika kwa marehemu, mwisho mtu anajiambia hana faida. Mzunguko huo ukiachwa, unaweza kuurudisha ugonjwa.

Je, tufanye nini? Mwaka 1979, huko Marekani, Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alianza kufundisha wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu kutuliza akili kwenye jambo linalotendeka sasa, bila kujilaumu. Mafunzo hayo kwa kawaida huwa ya wiki 8. Baadaye Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale waliyatengeneza yawafae watu waliowahi kuugua huzuni, wakaandika kitabu mwaka 2002. Utafiti umeonyesha kwamba mafunzo hayo hupunguza hatari ya ugonjwa kurudi, hasa kwa waliougua mara 3 au zaidi.

Nyumbani unaweza kuanza bila gharama yoyote. Chagua kazi moja unayofanya kila siku, kwa mfano kuosha vyombo, kuchambua mboga au kufagia. Kwa dakika 5 tu, weka akili pale mikono ilipo. Sikia ubaridi wa maji, utelezi wa sabuni, mlio wa sufuria. Wazo likija, usigombane nalo. Sema moyoni, "Hili ni wazo tu," kisha urudi kwa mikono. Likija mara 20, rudi mara 20. Usifikiri umeshindwa, huko kurudi ndiko zoezi lenyewe. Ukiwa unangojea matatu, fuata pumzi yako ikiingia na kutoka, mara chache tu.

Lakini tuonyane. Kwanza, zoezi hili halichukui nafasi ya dawa. Usiache vidonge kwa sababu umejisikia vizuri. Zungumza na daktari kwanza. Pili, kuna watu ambao wakitulia kimya wanazidiwa, hasa waliopatwa na mambo ya kutisha au wanaosikia sauti. Hao wasijilazimishe. Wafungue macho, waache, wamweleze mhudumu wa afya. Tatu, mtu anayesema anataka kufa asiambiwe habari ya mazoezi. Msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Nanyi jamaa, msimwambie mgonjwa, "Wacha kufikiri!" Hakuna awezaye. Afadhali mkae naye mkichambua mboga pamoja, polepole, bila maswali mengi.

Yule mama tulimrudia baada ya miezi miwili. Dawa bado alikuwa akimeza. Akatuambia, "Mawazo yanakuja bado, lakini siku hizi nayaona yakipita. Na vyombo vinaisha."