Kanisa la Mafundi wa Merikebu

Kanisa la Sainte-Catherine liko mjini Honfleur, bandari ndogo karibu na mlango wa mto Seine, Ufaransa. Nguzo na boriti zake ni za mti wa mwaloni. Lilianza kujengwa katika nusu ya pili ya karne ya 15, baada ya Vita vya Miaka Mia kwisha mwaka 1453. Kanisa la mawe lililotangulia lilikuwa limebomolewa vitani. Karibu na mji palikuwa na msitu wa Touques, na bandarini walikuwapo mafundi wa kuunda merikebu. Kazi wakapewa wao.

Mafundi hao walijenga kile walichokijua. Anayeingia na kuinua macho huona kama chombo kilichopinduliwa, mkuku ukiwa juu na mataruma yakishuka pande zote mbili. Fundi wa jahazi wa Lamu angeitambua kazi hiyo mara moja. Waumini walipozidi, ukumbi wa kwanza haukuvunjwa. Wa pili ulijengwa ubavuni mwake, na ndiyo maana mapaa ni mawili.

Mwaloni ukikauka huwa mgumu mno kwa patasi, kwa hiyo tangu zamani maseremala wa Ulaya huuchonga ukiwa mbichi. Kwa kuwa hakuna mti ulionyooka sawa na mwenzake, boriti hulazwa chini juu ya mchoro wenye ukubwa wa jengo lenyewe, na kila kiungo hupimwa kwa boriti zake mbili tu. Kisha huchorwa alama, maana boriti ya hapa haitakaa pale.

Kiungo chenyewe ni ulimi na tundu. Ulimi ukishaingia, kigingi cha mwaloni mkavu hupigiliwa kupita vyote viwili. Fundi hodari hutoboa njia ya kigingi kwenye ulimi ikiwa imesogea kidogo tu, isilingane na ile ya nje. Kigingi kinapopita kwa nguvu, huvuta boriti mbili zibanane. Huu ndio werevu mkubwa wa kazi hii nzima. Baadaye mti mbichi hukauka na kusinyaa kwa upana, huku urefu ukibaki karibu vile vile, nao hukikaba kigingi. Msumari wa chuma haudumu humo, kwa sababu mwaloni una tanini, dawa ile ile ya kutengenezea ngozi, nayo hula chuma na kuacha madoa meusi. Mihimili ya mshazari hukamilisha kazi kwa kuufanya mraba kuwa pembetatu, umbo lisiloyumba upepo unapovuma.

Si kila mti wa Honfleur ulifikia urefu uliotakiwa. Baadhi ya nguzo zilikuwa fupi, zikainuliwa kwa vitako vya mawe vyenye vimo tofauti, na tofauti hiyo ingali inaonekana.

Mnara wa kengele unasimama peke yake, ng'ambo ya uwanja, ukiwa umevishwa vigae vya mbao na kuegemezwa kwa magogo ya mshazari. Kuutenga kuliliepusha kanisa na uzito na mtikisiko wa kengele, pamoja na moto wa radi. Chini ya mnara ndipo palipokuwa na nyumba ya mpiga kengele.